Nilimtetea pono, khalati akampaka tui

Leo samaki pono wameisha sokoni kwa sababu yangu, na nia yangu ilikuwa kuwaokoa.

Mnanijua. Mimi hata darasani sinyanyui mkono.
Lakini khalati yangu, dadake mama, ana ukurasa wa mapishi mtandaoni, Mji wa Kale mzima wamtazama, nikamwomba dakika moja tu.
Nieleze kwamba pono hula mwani unaofunika matumbawe. Tukiwamaliza pono, matumbawe nayo yanakufa, na samaki wengine hukosa pa kuishi.

Khalati akakubali. Tena akanunua pono mzima, "ili watu wamuone, mwanangu."

Nikasema yote.

Kisha akamtazama yule pono mezani.
"Sasa tumtupe? Israfu hiyo."
Simu ikiendelea kurekodi, akamchoma, akampaka tui zito la nazi.

Maoni sasa:
"Mashallah, tui hilo!"
"Samaki gani huyo, nami nimtafute?"
"Huyo msichana mbona kama yuataka kulia?"

Baada ya Alasiri akabisha hodi Bi Rukia, jirani yetu wa chini, na kikapu kitupu.
"Pono hakuna hata mmoja! Mumewatangaza nyinyi!"

Khalati akanikumbatia kwa furaha. "Waona? Watu wamekusikiliza."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa pono.
Alikuwa mtamu, wallahi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nyinyi mliotazama, kuna aliyesikia neno matumbawe?
Hata mmoja tu, aniandikie hapa chini.