Bei ya Kusubiri

Pyo Mal-sun alipokea watoto kwa miaka thelathini na moja katika kliniki ya Daktari Gu, mjini Sangpyeong. Enzi za ujana wake vitanda vilijaa pomoni. Mama mmoja anashuka, mwingine anapanda, na Mal-sun anakula wali wake amesimama. Kisha vijana wakahamia Seoul mmoja mmoja, mpaka wajawazito wa wilaya nzima wakawa wa kuhesabika kwa vidole.

Mwezi wa tatu, Daktari Gu alimwita ofisini.

"Sista, kaa."

"Nikikaa sinyanyuki tena. Sema tu."

Daktari alimsogezea kitabu kinene cha bima ya serikali. Humo kila kazi ya daktari ilikuwa na alama zake na kila alama na bei yake, zimepangwa na baraza huko makao makuu: kuzalisha alama kadhaa, kushona kadhaa, sindano kadhaa. Hakuna aliyeruhusiwa kumtoza mgonjwa zaidi ya hapo.

"Mtoto akizaliwa wananilipa," alisema daktari. "Lakini sasa tunapata wawili kwa mwezi. Siku zilizobaki wewe uko hapa, daktari wa usingizi yuko hapa, damu iko kwenye friji. Tunasubiri tu. Haya, nionyeshe ukurasa wenye bei ya kusubiri."

Mal-sun alikipekua kitabu kweli, ukurasa baada ya ukurasa, miwani ikimteleza puani.

"Haumo."

"Haumo, Sista. Nimeweka rehani mpaka nyumba ya marehemu baba. Mwisho wa mwezi nafunga chumba cha kuzalishia."

"Na Hien je?"

Daktari aligeukia dirishani. "Aende hospitali ya jimbo."

"Saa moja na nusu ya milima, Daktari!"

"Najua ni mbali. Unadhani sijui?"

Hien alikuwa msichana wa Kivietinamu aliyeolewa na mkulima wa matunda ya pasimoni, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Mama mzazi alikuwa mbali, kwa hiyo Mal-sun ndiye aliyekuwa mama yake. Chumba kilipofungwa, alimtembelea kila Jumapili.

"Mama Pyo, huyu ananipiga mateke hadi bakuli linaruka mezani," Hien alisema akicheka.

"Mwache apige. Mvivu ndiye wa kutia wasiwasi."

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, wiki kadhaa kabla ya siku zake za kujifungua, Hien alianza kutokwa damu. Mume wake alimpigia simu Mal-sun kabla ya kuita gari la wagonjwa, nalo lilitokea mji wa jirani. Mal-sun alipanda naye, na gari likapita mbele ya kliniki, chumba chake cha kuzalishia kimefungwa, bila kupunguza mwendo. Mal-sun alimshika Hien mkono, huku macho yake yakiwa kwenye shuka, na damu aliyoiona aliijua: kondo la nyuma lilikuwa limebanduka kabla ya wakati. Pale kliniki wangempasua na kumtoa mtoto ndani ya nusu saa.

Mtoto alizaliwa njiani, katikati ya milima. Alikuwa wa kike, mweupe kama karatasi. Mal-sun alimpulizia pumzi, akamkandamiza kifua kwa vidole viwili, akampulizia tena.

"Lia, mwanangu. Lia hata kidogo."

"Mama Pyo," Hien aliita kwa sauti ya chini. "Mbona simsikii?"

Mal-sun hakuacha kupuliza hadi mlango wa gari ulipofunguliwa hospitalini na mtu akamchukua mtoto mikononi mwake taratibu. Hien madaktari walimwahi wakamwokoa; mtoto hawakuweza.

Vuli ilileta barua: baraza limeongeza malipo kwa mahali penye uzazi mchache. Daktari Gu aliisoma mara mbili.

"Wameuandika ule ukurasa, Sista," alisema, kisha akalia mbele yake kwa mara ya kwanza.

Lakini daktari wa usingizi alishaajiriwa kwingine na vitanda vya kuzalishia vilishauzwa. Jengo lilikuwa limegeuzwa nyumba ya wazee, maana huko bima hulipia kila kitanda kila siku. Mal-sun alibaki akiwaogesha na kuwalisha.

Kabla ya baridi kuanza, Hien alikuja kuaga. Mume wake alikuwa ameuza shamba, wanahamia mji mkubwa. Alisimama getini na begi lake, akakataa kuingia.

"Usinikasirikie, Mama Pyo. Hili jengo siwezi kulitazama."

"Mimi pia siwezi," alisema Mal-sun. "Ila ndiko ninakofanya kazi."

Alimfunga skafu vizuri shingoni, akasimama pale mpaka basi likaondoka.