Mbwa Watatu na Matanga ya Baba

Mbwa wa kwetu Nakuru alikuwa na kazi: kulala nje, kubweka na kula ugali wa jana. Kwa hivyo nakubali kwamba Wakenya wenzangu wa Birmingham walikuwa na sababu ya kunishangaa. Kunishangaa ni sawa. Lakini walinidharau, nami nikawadharau mara mbili, na hadi leo sijapunguza hata chembe.

Nilikuwa na mbwa watatu katika nyumba yangu ndogo mtaa wa Sparkbrook. Wawili walikuwa mbwa wa mashindano ya mbio, wembamba, ambao wamiliki wao waliwatupa walipoacha kushinda. Niliwachukua kwenye makao ya kuokolea mbwa. Walijua kukimbia tu. Ngazi hawakuwa wameziona maishani, ikabidi niwafundishe kupanda, mguu mmoja baada ya mwingine. Baridi ikiingia niliwavalisha makoti. Wa tatu lilikuwa jibwa jeupe la kulinda kondoo, kubwa kama ndama. Mwenyewe alikuwa bibi kizee niliyeajiriwa kumtunza mtaa wa Moseley. Alipofariki, wanawe waligawana vyombo hadi vijiko, jibwa wakaliacha jikoni. Watu wamesoma hao! Lilipofika kwangu liliamua kwamba wale wembamba ndio kondoo wake. Wakilala, lenyewe lilijilaza mlangoni, na hapiti mtu.

Ushirika wetu wa maombi, sisi Wakenya, ulikuwa wa zamu, nyumba kwa nyumba. Zamu yangu ilipofika waliingia wameinua sketi na suruali utadhani sakafu ina mafuriko. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawa walikuja mwenyeji augue. Jibwa liliwaacha waingie, kisha likajilaza mlangoni. Mzee wa ushirika alifunga maombi, akatazama mlango, akafungua mengine. Aliombea serikali mbili, wanafunzi wote na wasafiri wa angani. Mwishowe nililiita jibwa jikoni, na upako ukakatika papo hapo.

Kesho yake katibu wetu, mama mmoja muuguzi, alinipigia simu.

"Sister, please usikasirike, lakini members wamesema hawarudi kwako mpaka utoe hao dogs. Watu wanajiuliza kama uko sawa."

"Niko sawa," nikamwambia. "Ni nyinyi mnaogopa mbwa aliyevaa koti."

Miezi miwili baadaye baba yangu alifariki. Pasipoti yangu ilikuwa wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza ikingoja muhuri wa kibali, kwa hivyo sikuweza kwenda kumzika. Kilichobaki ni matanga tu: watu waje kwangu jioni, waimbe, wanywe chai, waniulize baba alikuwa mtu wa namna gani. Nililitaka jambo hilo kuliko chakula. Nilifagia, nikaazima viti kwa jirani Mpakistani, nikawafungia mbwa wote chumba cha juu. Hakuja mtu. Saa moja jioni katibu akapiga.

"Pole sana, my dear. Tumeamua tufanyie kwangu. Wewe kuja tu."

Nikaenda. Naona aibu hadi leo kwamba nilienda. Nilipanda basi na picha ya baba mkobani, nikawakuta wanakula na kusimuliana habari za viwanja vya Kitengela. Picha ilizungushwa, ikanirudia ina mafuta ya chapati. Hakuna aliyeuliza lolote. Kisha yule mzee akasimama, akamwomba Mungu anifariji kwa kumpoteza mama yangu mpendwa, na wote wakaitikia amina. Mama yangu alikuwa hai Nakuru, akipokea waombolezaji. Niliifuta picha kwa kitambaa changu, nikatoka wakiwa bado wanaimba.

Juma lililofuata katibu alinipigia kunishukuru kwa kuhudhuria matanga ya baba yangu mwenyewe. Kisha akauliza kwa upole, "Na wale dogs, bado wako?"

Nikamwambia mbwa wapo, baba ndiye hayupo, na asinipigie tena.