Neville Ashika Ukuta

Neville Tranter alikuwa mwanamume wa kujitegemea, yaani mwanamume wa kumtegemea mkewe huku akiapa hajawahi kumtegemea mtu. Chai alipikiwa. Soksi alitafutiwa. Miwani iko kichwani mwake mwenyewe, na bado alionyeshwa. Lakini thubutu kumwambia umshikie ngazi! Uso ulimwiva mpaka masikioni.

Walikaa nje kidogo ya mji wa Geraldton, kule ambako kiangazi upepo wa baharini unaamka kila mchana na miti inaota imelala. Upepo huohuo ndio ulioling'oa banda lake la zamani, na vitu vyake vyote vikahamia ndani ya nyumba. Mashine ya kukatia majani ikalala koridoni. Mikebe ya rangi ikakaa bafuni. Injini ya boti, inanuka petroli hiyo, ikapandishwa juu ya meza ya kulia chakula, meza ambayo Coral, mkewe, aliachiwa na mama yake.

"Wiki mbili tu, Coz," alimwambia Coral, akimfupishia jina.

Wiki mbili hizo zikaila Krismasi nzima, zikaanza kuinyemelea ya pili. Coral anakula sahani iko mapajani kama mgonjwa wa hospitali. Mwezi wa kumi na moja akasema, wala hakupandisha sauti:

"Nev, watoto wanakuja Krismasi. Nikikosa meza, utakula na injini yako. Mimi nitakuwa kwa dada yangu, huko Bunbury, na kurudi sijui lini."

Neville akashtuka. Akanunua banda la chuma, lile linalokuja vipande vipande unaliunga mwenyewe, limefungwa pamoja na kitabu cha maelezo. Ukurasa wa kwanza kuna picha ya watu wawili wanainua ukuta. Neville akakitazama, akasonya, akakitia chini ya mguu wa benchi lake lililokuwa linayumba.

"Waliochora haya hawajawahi kushika spana."

Coral naye alikuwa amejinunulia glavu za kazi, saizi yake. "Nitakushikia," akasema.

"Hii si kazi yako, mpenzi. Utaumia mgongo."

Mgongo huohuo ndio uliobeba mikebe yote ya rangi kuipeleka bafuni. Siku ile hakuuonea huruma.

Mtaa ule una adabu yake. Mtu akijenga banda, majirani wanatoa viti vya kukunja na boksi la barafu, wanakaa upande wao wa ua, wanatazama. Kumsaidia mtu ambaye hajaomba ni kumtukana. Akiomba, wote wanaruka ua, na malipo ni katoni ya bia. Bia haijawahi kumshinda mtu. Kuomba ndiko kunakowashinda. Jirani wa karibu, Dougie Pascoe, alikuwa fundi mstaafu, ameshasimamisha mabanda ya nusu ya mtaa. Akaketi na Shirl mkewe, akafungua kopo la bia, akatazama.

Kila mwenye akili pale anasimamisha kuta asubuhi, upepo ungali umelala. Neville asubuhi yake aliimaliza kwa kugombana na skrubu. Tena mabati yote aliyapiga kwenye fremu ikiwa bado chini, maana kuyapiga juu kungetaka ngazi, na ngazi ingetaka mtu wa kuishika. Jua lilipofika utosini akauinua ukuta mzima peke yake. Na aliuinua kweli, tumpe haki yake. Ukasimama. Ndipo akaona kamba ya kuufungia iko ng'ambo ya pili ya sakafu ya zege, na mikono yake yote miwili ina kazi.

Upepo ukaamka.

"Vipi huko, Nev!" Dougie akaita.

"Safi tu."

"Ukuta mzuri."

"Si mbaya."

"Sasa unafanyaje hapo?"

"Naukagua."

"Naona unaukagua kwa bega."

Shirl akacheka mpaka bia ikamtokea puani. "Muulize kama anataka redio, asikilize kriketi!"

"Baadaye," Neville akasema, akabadilisha bega.

Ukuta ukaanza kuinama upande wa Pascoe, kwenye kibanda cha vioo ambamo Dougie analea nyanya zake vizuri kuliko alivyolea wanawe. Dougie akaacha kucheka. Akaweka mguu mmoja juu ya ua, akasimama hivyohivyo.

"Nev, bwana, nyanya zangu hizo."

"Naziona."

"Si useme tu, mzee!"

"Niseme nini?"

Coral akatoka jikoni na kikombe cha chai. Akaja mpaka karibu, akainywa mwenyewe.

"Unahitaji kitu, Nev?"

"Hapana. Labda hiyo kamba."

"Unaomba msaada?"

"Naomba kamba."

"Aa. Si iko palepale ulipoiweka?"

Upepo ukapiga, mabati yakalia, kiatu cha Neville kikateleza kwenye zege.

"Coral."

"Abee."

"Nisaidie."

"Nini? Upepo mwingi."

"Amesema umsaidie!" Dougie akapiga kelele.

"Nimsikie yeye."

"Nisaidie, Coral! Jamani!"

Coral akaweka kikombe chini, akavaa glavu kidole kimojakimoja. "Wanaume wakikusaidia unatoa katoni. Mimi bia sinywi. Nataka banda."

"Banda gani?"

"Hilihili. Likiisha ni langu, naingiza meza yangu."

"Na vitu vyangu?"

"Vimeshazoea nyumbani."

"Coz, mwanamume hawezi kuishi bila banda!"

"Mbona umeishi? Mimi ndiye nimekonda kwa kukosa meza. Shirl, unasikia?"

"Kila neno, dada!"

"Mpe, Nev, mpe!" Dougie karibu alie. "Nyanya zangu!"

"Haya chukua! Chukua, lakini shika!"

Coral akautia ukuta bega, na mgongo wake haukulalamika. "Nenda kafunge kamba," akamwambia. "Na ukaze, maana mali ni yangu."

Kwa kuwa sasa kulikuwa na aliyeomba, ua wote ukarukwa.

Krismasi wakala bandani, mlango wazi, paja la nguruwe la baridi na kaa juu ya meza ya mama yake Coral, watoto wamejaa. Neville akatokea nyumbani ananuka petroli, akasita mlangoni.

"Ingia," Coral akasema. "Futa miguu."

Wako waliosema Coral alizidi. Wote walikuwa wanaume, na kila mmoja ana banda lake.

Mwezi wa pili Coral alijiwekea na kitanda humo bandani. Siku hizi Neville akitafuta spana haulizi mtu, anajua iko wapi: chumbani, kitandani, upande aliokuwa analala mkewe.