Almasi Niliyopewa Niikague

Miezi minne imepita na bado nikiona nyundo nakunja uso. Naandika nikiwa na hasira. Msomaji anivumilie, maana mimi sijui kuona jambo la kufundisha nikalipita kimya, na tabia hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nafundisha sayansi katika shule ya sekondari hapa Karatu. Mke wangu ni mkunga, mzaliwa wa Olbalbal. Nilimwoa kimila miaka kumi na tisa iliyopita. Ng'ombe walipofika kwao, wajomba zake waliwakagua mmoja mmoja, wakamrudisha dume mwenye ukungu kwenye jicho, nikapeleka mwingine. Pete haikuwepo na wala haikuzungumzwa. Mwaka huu tulikubaliana kubariki ndoa kanisani, nami nikataka safari hii apate kitu kisichopitia mikononi mwa wajomba kwanza, kitu cha kidole chake tu. Nilijua anachopenda. Aliwahi kumhudumia mgeni aliyeteleza kwenye ngazi za hoteli akavunjika mguu, na aliporudi nyumbani alinieleza habari za almasi iliyokuwa kidoleni mwa yule mama kabla ya kunieleza habari za mguu.

Hapa mjini kuna mwanamke anayeuza vito. Duka aliachiwa na marehemu mumewe, na watalii humpitia wakielekea kreta. Nilimwambia ukweli: nina fedha ya mitamba wawili niliowauza, sitaki kubwa, nataka nzuri. Akacheka, akasema wanaume wengi humwambia kinyume chake.

Alinitolea jiwe moja lililokwisha kukatwa, dogo kama punje ya mtama. Nikamwomba anizimie taa za kabati. Na wewe ukienda kununua, fanya hivyo, wala usione aibu. Taa zile nyeupe zimewekwa ili kila kitu king'ae, hata kipande cha chupa. Tukatoka barazani, kwenye kivuli. Nikakunja karatasi nyeupe, nikaliweka jiwe kifudifudi kwenye mkunjo, nikalitazama kwa ubavu. Ukilitazama kwa juu, mng'ao hukudanganya, lakini kwa ubavu umanjano haujifichi. Lilikuwa jeupe. Nikalipulizia pumzi; ukungu ukaondoka papo hapo, wakati kwenye kioo ungekaa kidogo. Nikaliweka juu ya herufi za gazeti, sikuweza kusoma kitu. Kisha nikatoa lenzi yangu, ile tunayotazamia mabawa ya nzi maabara, nikatafuta madoa. Kulikuwa na moja tu karibu na ukingo, mahali ambapo fundi wa pete angelifunika kwa ukucha wa dhahabu unaoshika jiwe.

Mwenye duka alinitazama muda wote bila kunikatisha. Mwishowe akasema, "Mwalimu, wewe hulitazami jiwe, unalisahihisha." Halafu akafanya jambo ambalo hadi leo linanichoma. Akalifunga kwenye karatasi, akanipa, akasema nikae nalo siku mbili, nilione asubuhi na jioni, nikiridhika nilete fedha. Hakutaka hata kitambulisho.

Jumamosi nililiangalia alfajiri, mchana, na jioni. Lilikuwa zuri kila saa. Ningepaswa kulirudisha mfukoni na kungoja Jumatatu. Badala yake nilimwonyesha shemeji yangu.

Huyu ni mdogo wa mke wangu. Nilimfundisha kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na sasa ana karakana ya kuchomelea vyuma karibu na stendi. Alipitia nyumbani Jumapili baada ya ibada, dada yake akiwa zamu, akaniona na lenzi jichoni. Akauliza ni nini, nikamwambia. Akalishika kwa vidole vyenye alama za moto, akaligeuza, akasema, "Shemeji, umeuziwa chupa ya soda."

Nilijua ananitania. Lakini mwalimu ukimwambia hajui, huwezi kumpa sababu nzuri zaidi ya kuondoka nyumbani. Nikamwambia twende karakana kwako, nitakuonyesha.

Vijana wake watatu walikuwa wanamalizia geti la mtu. Nikaomba tupa, ile ngumu kuliko zote. Nikalishika jiwe kwa kibano, nikaipitisha ncha yake juu ya tupa. Mstari mwembamba ukabaki kwenye chuma, na jiwe halikuwa na alama yoyote. Vijana wakasogea. Mmoja akapitisha kidole juu ya ule mstari mara mbili, akaguna. Niseme ukweli, niliona raha. Nikawaeleza jinsi mawe yanavyopangwa kwa kuangalia lipi linalikwaruza jingine, tangu lile laini linalokwaruzwa na ukucha hadi hili, ambalo halikwaruzwi na jiwe lolote la asili isipokuwa almasi mwenzake.

Shemeji akauliza, "Na nyundo je?"

Kwa miaka ishirini na zaidi nimekuwa na desturi moja darasani: mtoto akiuliza swali, namsifu kwanza, ili kesho asiogope kuuliza tena. Nikasema, "Swali zuri sana." Kisha nikaanza kwa mbali, kama kawaida yangu. Nikasema kwamba almasi inashinda kila jiwe kwa kukwaruza. Nilikuwa nakwenda kwenye "lakini". Lakini kukwaruzwa ni jambo moja na kupasuka ni jambo jingine; lakini almasi ina njia ndani yake, kama ukuni ulivyo na njia, na ukiigonga kwenye njia hiyo inapasuka kama kuni kavu. Yote hayo yalikuwa kichwani mwangu, yamepangwa vizuri, yanangoja zamu yao.

Shemeji hakungoja zamu. Alichukua jiwe kwenye karatasi nilikolirudisha, akaliweka juu ya kile kipande cha reli anachofulia vyuma, akapiga. Pigo moja, wala si kubwa.

Tulitafuta vipande kwa magoti. Tulipata unga kidogo na chembe tano, sita hivi, zikiwa zimechanganyika na takataka za chuma. Yeye alisimama, nyundo mkononi, akasema kwa sauti ya mtu aliyeokoa jambo, "Umeona, Shemeji? Ingekuwa almasi isingevunjika. Wewe mwenyewe ulitufundisha hakuna kinachoishinda."

Nilimtukana. Sijawahi kumtukana mwanafunzi, lakini yeye nilimtukana mbele ya vijana wake, na kilichonifanya nimtukane zaidi ni kwamba alisema kweli. Nilikuwa nawaambia hivyo kila mwaka. Nilipenda kumaliza kipindi kwa sentensi yenye kishindo, kengele ikagonga, watoto wakatoka nayo mdomoni. Ile nusu ya pili niliiacha kwa sababu haikuwa na kishindo.

Kufikia jioni stendi nzima ilikuwa na habari kwamba mwalimu ameuziwa chupa. Mstari kwenye tupa ulikuwapo bado, nami niliwaonyesha waliokuja kutazama. Mtu akishaona kitu kimevunjika, mstari haumwambii neno.

Jumatatu nilipeleka karatasi yangu na vile vichembe dukani. Mwenye duka alivifungua, akavitazama kwa lenzi yake, akavifunga tena. Nilianza kumweleza ilivyokuwa. Akainua mkono.

"Jiwe utalilipa, hilo najua. Lakini mjini anayeitwa tapeli ni nani, Mwalimu? Ni wewe au ni mimi?"

Nikalipa. Kisha nikaenda stendi, nikasimama mbele ya karakana, nikawaambia waliokuwapo kwamba jiwe lilikuwa almasi halisi, kwamba mama yule hakumdanganya mtu, na kwamba aliyefundisha vibaya ni mimi. Walinisikiliza kwa adabu. Sijui wangapi waliniamini. Shemeji aliendelea kuchomelea, miwani yake myeusi usoni, hakugeuka.

Mke wangu nilikuwa nimemweleza usiku wa Jumapili. Nilidhani atamkasirikia mdogo wake, nikawa tayari kumsaidia kukasirika. Alisikiliza hadi mwisho akiwa bado na sare ya kazi.

"Kwa hiyo mlikaa wanaume watano mkapima kitu changu," akasema. "Mimi niliulizwa lini?"

Nikamwambia nilitaka kuwathibitishia. Akaniuliza nilitaka kuwathibitishia nini, na wao ndio wangeivaa? Akasema ng'ombe walikaguliwa yeye akiwa ndani ya boma, anasikia tu sauti za wajomba, na alidhani mambo hayo yamekwisha. Halafu akaenda kuoga. Kwa wiki nzima alizungumza nami habari za umeme na maji tu.

Wiki mbili kabla ya ibada ya kubariki ndoa akatoa uamuzi wake. Jiwe la pili mdogo wake atalilipia, na dukani atakwenda yeye. Mimi naweza kumsindikiza nikitaka, ila nisiseme kitu.

Shemeji alileta fedha kwenye bahasha, akamkabidhi dada yake, akanisalimu kwa mbali. Nilimwitikia kwa mbali pia. Nilikuwa bado nauchukia mkono wake.

Dukani mke wangu hakuzimisha taa. Hakuomba karatasi wala lenzi. Mwenye duka alimpangia matatu yanayolingana na fedha ile, naye mke wangu akayaweka moja moja juu ya kidole chake, taratibu, akikunja na kukunjua mkono kama anayevaa glavu za kazi. Akarudia la katikati. Nililiona nikiwa nimesimama mlangoni: lilikuwa na umanjano, na mkato wake ulikuwa umeegemea upande mmoja. La kushoto lilikuwa bora mara mbili.

Mwenye duka alinitazama. Naye alikuwa ameona, na alikuwa ananipa nafasi.

"Hili," mke wangu akasema.

Maneno yote yalikuja, na mifano yake. Niliyafungia nyuma ya meno. Mwenye duka akaanza kulifunga jiwe, mke wangu akamwambia asilifunge, atalishika hivyo hivyo hadi kwa fundi wa pete.