Taa Nyekundu ya Chumba cha Nyuma

Giza lilimkuta Mama Macho kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, hajashona hata pindo. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu hakuna kilichompita: kifungo kilicholegea, mtoto mwenye homa, kisigino kilicholika upande mmoja. Shule aliiachia darasa la saba. Kuchungulia hakuachia popote. Jioni hii macho yalikuwa barabarani, yakimtafuta binti yake. Binti alikuwa amekwenda chuoni kuonyesha vibao vya kioo alivyovipaka chumvi ya fedha ili vinase picha. Vikikataliwa, mwaka mzima unarudiwa.

Binti akaingia bila salamu.

"Vyeusi, mama. Vyote. Nimevisafisha kwa dawa mbele ya mwalimu, hakuna picha hata moja."

"Pole, mwanangu. Labda ile dawa..."

Binti alishafika chumba cha nyuma. Akabonyeza swichi, mwanga mweupe ukamwagika mpaka sebuleni.

"Mama! Taa yangu nyekundu iko wapi?"

"Nimeibadilisha asubuhi. Utapofuka na kile kijimwanga kama kaa la jiko! Nikaweka hii mpya, nikaiwasha kidogo tu, kuijaribu."

"Vibao vikiwa vinakauka humu! Na mimi nikaja kuvifunga gizani, kwa kupapasa, nisijue taa imebadilishwa."

"Kwani nilivigusa?"

Binti akajibwaga sakafuni. "Sikiliza. Kwenye kitu kigumu elektroni, vile vichembe vya umeme, zinaishi kwa ghorofa. Ya chini imejaa pomoni, hakuna pa kujigeuza. Ya juu tupu. Katikati pengo, na ngazi hakuna. Kwenye shaba ghorofa zimeingiliana, ndiyo maana umeme unatembea. Kwenye kioo pengo ni pana mno, mwanga unapita zake bila kumpandisha yeyote. Chumvi yangu pengo lake ni la kati. Punje ya mwanga mwekundu haiwezi kurusha elektroni juu. Ya buluu inaweza, na chumvi iliyopigwa hivyo ikisafishwa inakuwa nyeusi."

"Na nyekundu zikiwa nyingi, zisaidiane?"

"Hazisaidiani. Hata ulete taa mia, kila punje inasukuma peke yake."

"Na hii yangu nyeupe?"

"Buluu imo ndani yake."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia usiguse!"

"Usiguse ndiyo maelezo hayo? Nimeona mwanangu yuko gizani, nikaleta taa. Ningefanya nini, nikutazame?"

Lilibaki kopo moja la vibao ambavyo taa nyeupe haikuvifikia, na mwalimu alikuwa amempa binti mpaka asubuhi avilete vikiwa na picha. Mama Macho akapanda kigoda, akatoa taa yake mpya, akairudisha ile nyekundu huku akisonya.

"Nikae humu basi, kimya."

"Hapana, mama. Ukitoka au ukiingia, mwanga unakufuata."

Binti akaufunga mlango; ufunguo haukuwepo, kitasa tu. Mama Macho akazima taa ya sebuleni kwa hasira, akakaa na kikombe cha chai aliyomtengenezea binti. Ikapoa. Ndani kitu kikaanguka, kikavunjika. Akaruka, mkono ukashika kitasa.

"Kuna nini?"

"Usifungue!"

"Umeumia?"

Maji yakasikika, yakimiminwa polepole.

Akakiachia kitasa kidole kimoja kimoja. Chini ya mlango palikuwa na uzi mwembamba wa mwanga mwekundu, na hicho tu ndicho alichoachiwa kutazama. Mlango ukabaki umefungwa.