Waithira Alipokataa Kusalimu Amri

Waithira anafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Nyeri. Sataranji alifunzwa na Mwalimu Moffat, mzee wa Tetu, nje kidogo ya mji, aliyesomesha hesabu hadi mikono yake ilipoanza kutetemeka na chaki ikawa inamponyoka. Kwa hivyo yeye na mwenzake Ben walipomaliza kuunda programu yao ya sataranji, wa kwanza kualikwa kucheza nayo mbele ya watu alikuwa Mwalimu.

Ukumbi ulijaa. Waithira aliketi upande wa kompyuta, akiisogezea vipande ubaoni. Walikuwa wamekubaliana kwamba kompyuta haijui kukata tamaa. Ikizidiwa, Waithira ndiye atakayesalimu amri kwa niaba yake. Kila upande ulipewa muda wake kwenye saa, na ambaye muda wake ungeisha angeshindwa.

Ilizidiwa mapema. Mwalimu aliila ngome, kisha malkia, na kwenye skrini programu yenyewe ilionyesha kwamba haina tumaini tena. Ben aliinama akanong'ona, "Salimu amri, Waithira. Imetosha."

"Ngoja kidogo. Saa ya Mwalimu inaisha."

Ben alimtazama, kisha akaitazama saa.

Kila kipande alichoshika Mwalimu kilitikisika vidoleni. Farasi alimponyoka, akaangusha wengine. Akawasimamisha mmoja mmoja huku dakika zake zikiyoyoma. Kompyuta ilijibu papo hapo kila mara. Mwalimu akainua macho. "Hii bado inacheza tu?"

"Bado, Mwalimu," Waithira alisema bila kumwangalia.

Mwalimu alikuwa amebakisha hatua moja amfunge mfalme saa ilipolia.

"Muda umeisha, Mwalimu."

Watu wachache walipiga makofi, kisha wakaacha. Mwalimu alimnyooshea mkono. Waithira aliusikia ukitetemeka ndani ya wake.

Jumapili, baada ya kanisa, alienda Tetu. Alimkuta Mwalimu akimwekea ng'ombe majani.

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilijua tumeshindwa. Nikangojea mikono yako ikuangushe."

"Najua. Hukuwa unaangalia ubao, ulikuwa unaangalia saa." Mzee aliendelea kujaza hori. "Ingekuwa ni mtu, ningemwambia ajifunze heshima. Sasa mashine ningeiambia nini?"

Waithira aliokota majani yaliyomwagika, akayatia horini.

"Ingia ndani. Chai iko."

Walikunywa chai, wakaongea juu ya mvua na bei ya maziwa. Neno la msamaha Mwalimu hakulitamka, naye Waithira aliona aibu kuliomba mara ya pili.

Yeye na Ben waliibadilisha programu. Siku hizi ikizidiwa namna ile, inaandika yenyewe: *Nimeshindwa. Asante kwa mchezo.* Walimwalika Mwalimu arudi, akasema hapana, mikono imechoka na hayo mambo. Wakikutana sokoni anamsalimia Waithira vizuri, anamuuliza habari ya mama yake.

Wanafunzi wapya hawaachi kuuliza kwa nini kompyuta inasalimu amri mapema hivyo, pengine mtu angekosea. Ben ndiye huwajibu. Waithira huwa amekwisha kutoka nje.