Pua ya Marehemu

Mteja wangu, muuza madaftari wa jumla, alitaka nimchoree watu wa sokoni wa kuweka kwenye majalada, kila mmoja na sura yake. Nilipompelekea, akanirudishia wote. Alisema nimemchorea ukoo mmoja uliobadilishana nguo. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Wahusika wangu wote, hata mama wa dagaa, walikuwa na pua ya mjomba wangu.

Basi nikasogeza kiti dirishani, hapo ghorofani nilipopanga, nikaanza kuiba sura za wapita njia wa Kariakoo. Nilichukua pua ya muuza kahawa, kidevu cha kuli mmoja mkorofi, na macho ya mzee aliyekuwa akikagua sufuria kama anayechagua mchumba. Nikawachanganya kwenye kishikwambi, akatoka muuza nazi. Masikio nilimwekea mwisho, makubwa, ya kuchekesha. Nilimpenda sana.

Mama mwenye nyumba akaniletea chai. Alipokiona kioo cha kishikwambi, aliweka kikombe chini na kujitanda khanga kichwani.

"Mume wangu," akasema.

Nikacheka peke yangu. Mumewe sikuwahi kumwona, alifariki kabla sijahamia pale, na picha zake zote zilikwenda na mafuriko walipokuwa wakikaa Jangwani. Mama akaniambia kwamba shati lake analikumbuka, mwendo wake anaukumbuka, lakini uso umekuwa ukimtoka kidogo kidogo, na jambo hilo linamtisha kuliko kifo chenyewe. Sasa amemkuta chumbani kwangu, anauza nazi.

Nilitakiwa kumwambia kwamba ile pua ni ya muuza kahawa wa pale chini, yu hai na ana kelele. Nikanywa chai.

Kesho yake alikuja na shemeji yake na wifi yake ili wamtambue marehemu, kama watu wanavyofanya mochwari. Walivua viatu mlangoni. Niliwapa shikamoo, wakaitikia marahaba huku macho yao yako kwenye kioo. Wifi alikuja na chetezo, akafukiza ubani mpaka kishikwambi changu kikanukia maulidi.

Shemeji akatangaza kwamba ile pua si ya ukoo wao. Nikaibadilisha. Wifi akasema macho yalikuwa ya duara. Nikayafanya ya duara, nimenuna, kwa maana mimi sipendi kusimamiwa nikichora. Asiyekuwepo na lake halipo, na marehemu hakuulizwa chochote. Kila nilichorekebisha kilimfanya afanane na aliyekiomba, na mwisho tulikuwa na shemeji mtupu, mwenye macho ya wifi. Wenyewe waliridhika kabisa. Walisema sasa ndiye.

Mama alikuwa analia. Alisema huyu hamjui, na kwamba wamemzika mara ya pili. Nikapandwa na hasira, nikamwambia shemeji, kwa heshima zote, kwamba kama alitaka picha yake mwenyewe angesema tangu mwanzo.

"Mwanangu," mama akaniuliza, "hicho kidude chako kinarudi nyuma?"

Kinarudi. Nikaanza kufuta, mstari mmoja baada ya mwingine, kuanzia wa mwisho. Macho ya wifi yakaondoka, kisha pua ya shemeji, na shemeji akajigusa ya kwake. Tukamfikia muuza nazi wangu, nikasimama. Mama akanipungia mkono niendelee. Nikafuta sikio la kulia, nikafuta la kushoto, ukabaki uso mtupu unaotutazama.

"Hapo," akasema. "Ndiye huyo."

Shemeji akakohoa, akamkumbusha kwa upole kwamba marehemu alikuwa na masikio.

"Alikuwa nayo," mama akasema, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Kunisikia ndiyo hakuwahi. Lakini nikiongea alikuwa ananitazama hivi hivi. Mwacheni."